Miche ya Bwana Meno

Kabla kiharusi hakijamwangusha, Bwana Meno alikuwa na kazi mbili: moja ya kumlisha na moja ya kumfurahisha. Ya kumlisha ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Alifanya kazi katika chumba kidogo nyuma ya kliniki mpaka alipostaafu, akichonga nta, akikoroga plasta, akisugua meno hadi yang'ae, na tabia ya kazi ilimganda. Akikutana na mtu, alimtazama mdomoni kwanza, machoni baadaye. Majirani wenye mapengo walizoea kumsalimia huku wamefunga midomo.

Kazi ya kumfurahisha ilikuwa maua, tena si maua ya aina yoyote. Wauzaji huyaita deilili. Yeye aliyaita mayungi ya siku moja, kwa kuwa kila ua hufunguka asubuhi, likatamba kutwa nzima, na jioni likajikunja kama kitambaa kilicholoa, lisifunguke tena. Kesho yake tumba jingine kwenye shina lilelile hushika zamu. Yale ya zamani watu wanayajua: membamba, ya rangi ya chungwa, yanaota hata kando ya mitaro bila kuombwa. Ya kisasa ni habari nyingine. Petali zake ni nene kana kwamba zimepakwa nta, ukingo una marinda kama gauni la mtoto aliyevishwa kwa sherehe, katikati kuna jicho la rangi tofauti, na ndani kabisa, koo la kijani.

Mkewe, ambaye mpaka leo ni mkuu wa wapiga pasi katika duka la dobi, hakuyapokea kwa moyo mmoja. Kifurushi cha kwanza kilipoletwa, alikifungua yeye, akakuta mizizi mikavu na majani yaliyokatwa nusu.

"Baba, wamekuuzia vitunguu vilivyokufa," alimwambia. "Na wewe ninavyokujua, umewaambia asante."

Lakini asubuhi ua la kwanza lilipofunguka, alitoka na mkoba wake begani, akasimama mbele yake mpaka akachelewa kazini. Aliinama, akaangalia ukingo ule uliokunjwakunjwa, akauliza, "Marinda yote haya nani kayapiga pasi?"

Tangu siku hiyo hakumsema tena. Mashina yakaongezeka ndani ya ua wao mdogo wa nyuma, na kila moja likapewa jina la utani. Lile la rangi ya damu ya mzee lenye jicho jeusi likawa Jaji. Lile la rangi ya samli lenye marinda ya dhahabu likawa Bi Harusi.

Bwana Meno akaanza kuyaozesha. Asubuhi, umande ukishakauka, alitoka na kibano chake cha kliniki, akanyofoa uzi mmoja wenye chavua kwenye ua la Jaji, akaugusisha kwenye ncha ya kile kinyuzi kirefu kinachotokeza katikati ya ua la Bi Harusi. Basi. Ndoa imefungwa. Baada ya wiki kadhaa kibumba cha mbegu kilipasuka, na ndani mlikuwa na mbegu nyeusi zinazong'aa kama pilipili manga iliyosuguliwa. Alizipanda katika vile vibakuli vya mpira alivyokuwa akikorogea plasta.

Mche unaotokana na mbegu hauna haraka. Mwanzoni ni majani tu, membamba, yaliyojipanga kama upepeo. Asiyejua atasema ni nyasi, tena nyasi za kung'olewa. Mtu husubiri mwaka, pengine miwili, ndipo mche utoe shina na matumba. Na hakuna miche miwili inayofanana, hata ikiwa ya kibumba kimoja.

"Ni kama watoto wa tumbo moja," alikuwa akimwambia mkewe. "Mmoja mrembo, tisa wa hovyo, na huwezi kumjua mpaka afumbue macho."

Mkewe aliposafiri kwenda kumsaidia binti yao aliyejifungua, Bwana Meno aliihamishia miche kwenye tuta jembamba kando ya ukuta, mahali penye jua. Mkewe aliporudi alikuta vibakuli vitupu vimeoshwa na kupangwa. Hakuuliza, kwa kuwa mazungumzo yote yalikuwa ya mjukuu. Bwana Meno naye alitaka iwe siri, amshtue siku ua la kwanza litakapofunguka.

Kiharusi kilimkuta akinyoa ndevu. Mkewe alisikia beseni likianguka, akadhani ni paka.

Alirudi kutoka hospitali akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Upande wa kulia ulikuwa umelala wote, mkono, mguu na nusu ya uso. Na maneno yalikuwa yameondoka. Kati ya maneno yote aliyowahi kuyasema maishani, lilibaki moja: haya.

Akitaka maji, haya. Akitaka redio izimwe, haya. Akiumwa, haya, kwa sauti ya chini. Ndani ya kichwa chake sentensi zilikuwa nzima, zimepangwa vizuri kama meno ya sampuli, lakini zikifika mlangoni zinageuka zote kuwa neno lile moja. Na katika maneno yote, limebaki lile la kukubali! Kichwa nacho hakikuaminika. Mara kilitikisika alipotaka kusema ndiyo, mara kiliinama alipotaka kusema hapana, na mwenyewe akashtuka. Kalamu katika mkono wa kushoto ilichora mistari ya kuku.

Muuguzi wa mazoezi aliwaachia ubao wenye picha ili aonyeshe kwa kidole: kikombe, sahani, kitanda, choo, kidonge, uso unaolia. Ua halikuwamo. Nani angefikiria ua?

Siku moja chai ya moto ilimmwagikia pajani, na kinywani mwake likatoka tusi. Tusi zima, la nguoni, lenye mwanzo na mwisho. Mkewe aliganda na birika mkononi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini sakafuni.

"Rudia," akamwomba, machozi yakimtoka. "Rudia, baba, hata ukinitukana mimi."

Alijaribu. Ikatoka haya.

Kila siku, kabla ya kwenda kazini, mkewe alikisogeza kiti chake kwenye dirisha la sebuleni linalotazama ua wa nyuma, na jirani akawa anaingia mchana kumpa chakula. Bustani ilikuwa imeshinda nguvu za mtu mmoja. Mkewe alitoka kupiga pasi mashati ya watu, akarudi kumwogesha mume, kumlisha na kumgeuza kitandani. Nyasi hazikumsubiri. Jaji na Bi Harusi walikuwa wamezingirwa hadi kiunoni, na kule ukutani miche na magugu vilikuwa kitu kimoja.

Ndipo asubuhi moja Bwana Meno akaona kitu kule ukutani. Katikati ya majani yale shina moja lilikuwa limesimama wima, na juu yake pana matumba, moja limenenepa kuliko mengine. Alilitazama kutwa nzima, asije akalipoteza. Mche wa kwanza ulikuwa unakaribia kufumbua macho.

Mkewe aliporudi, Bwana Meno alimshika mkono kwa mkono wake mzima, akaonyesha dirishani. "Haya! Haya!"

"Jua linakupiga?" Akavuta pazia. Bwana Meno akalipiga lile pazia mpaka mkewe akalifungua tena. "Unataka hewa?" Akafungua dirisha. "Umeona mtu? Mwizi? Paka?" Akaleta ubao wa picha. Yeye akausukuma ukaanguka. Mkewe akaenda dirishani, akaangalia kule kidole kinakoelekea, akaona ukuta na pori la nyasi. Kisha uso ukamchangamka.

"Nimeelewa! Ni bustani, siyo? Imekuwa pori, inakuudhi."

"Haya! Haya! Haya!" Bwana Meno alipiga mkono wa kiti. Bustani, ndiyo, lakini siyo hivyo, siyo hivyo kabisa.

"Maskini, kumbe ndicho kinachokuumiza siku zote," mkewe alisema, na alifurahi kama mtu aliyepata redio ya mbali baada ya kuizungusha sana. "Tulia. Kesho namwita Mbio aje aisafishe yote."

Mbio alikuwa kaka yake, mpaka rangi wa nyumba, mtu asiyeweza kukaa kwenye kiti mpaka chai ipoe. Alikuwa na moyo mweupe. Bwana Meno alipolazwa, ni yeye aliyembeba mgongoni ngazi zote za hospitali siku lifti ilipoharibika, akimtania njia nzima kwamba meno ya bandia hayana uzito, uzito ni wa aliyeyatengeneza.

Alifika asubuhi na mapema, suruali imejaa matone ya rangi za nyumba za watu. Dada yake alimwagiza akiwa ameshika kitasa cha mlango.

"Yenye maua usiyaguse, hata kwa bahati mbaya. Lakini nyasi zote toa, hasa kule ukutani. Pamekuwa makazi ya nyoka."

"Dada, nenda kazini. Ukirudi utadhani umekosea nyumba."

Na kwa kweli alifanya kazi nzuri. Bwana Meno, dirishani, alimwona akipalilia kumzunguka Jaji kwa vidole, polepole, kama anayenyoa mtoto. Alimwona akimwinua Bi Harusi aliyelala, akamwekea kijiti. Alikuwa akiimba. Kisha akajinyoosha mgongo, akatemea mate viganjani, akalielekea tuta la ukutani na jembe.

Bwana Meno akapiga kioo kwa kiganja. Mbio akageuka, akampungia mkono. Akapiga tena kwa nguvu zaidi. Mbio akainua dole gumba, akainama, akaanza kulima. Mche wa kwanza ukatoka na mizizi yake minene myeupe. Wa pili. Jembe lilikuwa likienda na wimbo.

Bwana Meno akatafuta kitu cha kurusha. Kilikuwapo kikombe. Kikagonga ukuta chini ya dirisha na kupasuka, na Mbio akaja mbio, kama jina lake.

"Loo, shukrani ya punda!" alisema akicheka huku akiokota vipande. "Kiu? Hapana? Basi ni haja." Na kabla Bwana Meno hajafanya lolote alikuwa ameshainuliwa, amepelekwa msalani, amekalishwa. Mbio akasimama mlangoni akitazama pembeni kwa heshima, akipiga mluzi taratibu ili kumpa moyo. Bwana Meno akamshika shati. Alilivuta mpaka kifungo kikatoka.

"Haya," akasema. "Haya. Haya!"

"Nimekusikia, shemeji. Nakurudisha kwenye kiti namalizia. Usiwe na haraka, leo leo itakwisha."

Akamrudisha dirishani, akamwekea mto mgongoni, akatoka.

Lile shina lilikuwa limebaki karibu na mwisho. Mbio alipolifikia alisimama. Hakuwa mtu wa hovyo. Aliliona kuwa si kama mengine, akalishika kati ya vidole viwili, akayaangalia matumba. Akageuka kuelekea dirishani. Akalionyesha kwa kidole, akapaza sauti, "Na hili, shemeji? Nalo nitoe?"

Bwana Meno aliikusanya nguvu yote aliyokuwa nayo. Alijua neno analolitaka. Lilikuwa neno dogo, kila mtoto analijua, analitumia kabla hajajua kutembea. Alilisukuma kwa kifua, kwa shingo, kwa nusu ya mdomo inayotii.

"HAYA!"

"Haya," Mbio akaitikia, akaling'oa. Shina likakatika, akalitupa upande wa bombani, shimo likafukiwa. Akachukua reki.

Kabla ya saa ya chakula gari la taka lilipita, na viroba alivyojaza nyasi na miche vikaenda.

Mkewe aliporudi alisimama kwenye mlango wa nyuma, akashika kifua. Ua ulikuwa umefagiliwa, maua yamesimama kwa nafasi, tuta la ukutani lina mistari ya reki kama kichwa kilichosukwa. "Kaka, Mungu akubariki," akasema. Akaenda kumleta mumewe aje aone. Akamkuta analia, upande mmoja wa uso ukilia na mwingine umetulia.

"Ni furaha," Mbio alisema, lakini hakusema kwa uhakika.

Mkewe alikwenda bombani kulowesha kitambaa cha kumfutia uso. Pale chini, karibu na ndoo, akaliona shina. Aliliokota. Alikuwa ameishi na mayungi miaka mingi kiasi cha kuyajua matumba yake hata gizani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Ukutani. Pamoja na zile nyasi."

"Zile nyasi," mkewe akarudia. Akaangalia stoo kulikokuwa na vile vibakuli vya mpira, vitupu, vimepangwa. Akamwangalia mumewe. Hakuna aliyemweleza, aliona mwenyewe.

"Nilimuuliza, dada," Mbio alisema. "Nilisimama pale nikamuuliza. Akasema haya."

"Kila kitu anasema haya."

"Najua. Lakini alisema kwa nguvu."

Wakatoka wote wawili kwenda kunakomwagwa taka, mkewe bado na sare ya kazini. Mlinzi aliwaonea huruma, akawaruhusu kuingia, lakini shehena ya mtaa wao ilikuwa imeshashindiliwa na mashine chini ya nyingine tatu. Mbio alitaka kupanda lile lundo. Mlinzi akamshika mkono. Wakarudi mikono mitupu.

Shina likawekwa kwenye glasi ya maji, mezani mbele ya Bwana Meno. Tumba lile nene lilikuwa limeshaanza kubadilika rangi, na lilikuwa la kufunguka asubuhi, maji yakikubali.

Asubuhi lilikuwa limefunguka nusu. Marinda ya petali mbili yalikuwa yamenasana, kama vifungo vilivyokosea matundu. Mkewe aliyekuwa ameomba ruhusa kazini alilisogelea, akalipulizia pumzi ya moto taratibu, kama anavyofanya kwenye hariri isiyotaka pasi. Likatetemeka, likaachia.

Ua lilikuwa na rangi ya damu ya mzee iliyoyeyushiwa samli, nzito katikati, ikififia kuelekea pembeni, na pembeni kote marinda ya dhahabu, mapana, yamejaa. Jicho lilikuwa la baba, marinda ya mama. Kwa miaka yote ya kibano na uzi, hilo ndilo alilokuwa akilitafuta.

Mkewe alilipiga picha kwa simu, akamtumia binti yao. Jibu lilikuja upesi: "Zuri sana! Mmelinunua wapi?"

Bwana Meno hakuangalia simu. Alikuwa akiangalia chavua. Ilikuwapo, ungaunga wa rangi ya chungwa kwenye ncha za zile nyuzi sita, nzima, mbivu. Mche ulikuwa umekufa, lakini nusu yake ilikuwa hapa mezani, hadi jioni. Kilichotakiwa ni kuibeba hatua chache, kuigusisha kwenye ua la Bi Harusi lililokuwa wazi pale nje, na kusubiri. Mtoto angelitoka kwa mtoto. Kazi ya dakika moja, aliyoifanya mara nyingi kuliko alivyonyoa ndevu.

Akanyoosha mkono wa kushoto. Ulikwenda polepole, lakini ulifika. Akagusa nyuzi, na kidole kikatoka na unga wa rangi ya chungwa. Akakiinua. Akakielekeza dirishani, kwa Bi Harusi. Akamtazama mkewe machoni.

"Haya," akasema kwa upole, kama anayemfundisha.

"Ewe, umejichafua," mkewe akasema. Alikuwa mtu wa dobi. Aliijua chavua ya mayungi kwamba ikishika shati haitoki. Akachukua kitambaa kibichi, akakishika kidole kile, akakifuta vizuri, mpaka chini ya kucha.

Akajaribu tena. Safari hii alipiga glasi ikayumba, na mkewe akaidaka.

"Usilivunje, baba, lipo hili moja tu." Akaliinua, akaliweka juu ya kabati la vyombo, mkabala na kiti chake, mahali pa kulitazama vizuri lakini mkono haufiki. Akaketi karibu naye, akamshika mkono, akafurahi kwamba angalau hili wanaliona pamoja. Na alilitazama kweli. Alitaja kila kitu alichokiona, koo, jicho, marinda, ili kumfurahisha. Kila saa Bwana Meno alisema haya, na kila mara mkewe aliitikia, "Eeh, zuri mno."

Nje Bi Harusi alikuwa wazi kutwa. Jioni akajikunja, na lile la juu ya kabati likajikunja. Matumba madogo yaliyobaki kwenye shina yaligeuka manjano, yakadondoka moja moja kwenye kitambaa cha meza.

Ruhusa ilikuwa ya siku moja. Mkewe aliporudi kazini, Mbio alikuja kukaa na mgonjwa. Hakuja na wimbo. Alisimama muda mrefu karibu na mlango, viatu vikiwa mkononi.

"Shemeji," akasema, "nimekuja. Niambie nikufanyie nini."

Bwana Meno alimtazama. Alitaka kumwambia kwamba hana kosa. Akaona neno litakalotoka, akalimeza.

Mbio alivuta kigoda, akaketi, viganja vyake vikubwa vimewekwa magotini kama mali ya mtu mwingine. Walitazama nje. Tuta lilikuwa safi, jeusi, halina kitu. Mvua ikaanza, kwanza matone makubwa machache, halafu yote kwa pamoja, na mistari ya reki ikajaa maji, ikavunjika. Matone yakaanza kuingia ndani, yakalowesha miguu ya Bwana Meno. Mbio akainuka upesi kufunga dirisha. Kisha akasita, mkono ukiwa kwenye komeo, akageuka kumtazama, hajui afunge au aache.